Mwana wa Kisumu na Siri ya Seli Moja

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Je, aliyezaliwa kwetu akachezea ugenini, tusimtambue? Nauliza hivi kwa sababu ya Profesa Azim Surani, aliyezaliwa Kisumu mwaka wa 1945. Ni katika maabara yake kule Cambridge, Uingereza, ambako Fuchou Tang na wenzake walifaulu, mwaka wa 2009, kusoma nakala za jeni zilizokuwa zikifanya kazi ndani ya seli moja tu ya kiinitete cha panya.

Yamkini msomaji atauliza: seli moja yamfaa nini mkulima wa Ahero?

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Seli ya ini hutofautiana na ya ubongo kwa kuwa jeni fulani zimewashwa huku nyingine zikizimwa. Zamani wataalamu walisaga maelfu ya seli pamoja, wakapata wastani. Lakini ukishasaga gunia zima la mahindi, unga hautakwambia ni punje ipi iliyotobolewa na fukusi.

Sasa tutazame malaria. Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum kina jeni zaidi ya 5,000. Vingi ya vimelea hivyo huzaana katika damu kila baada ya saa 48, navyo ndivyo vituletavyo homa. Vichache hugeuka vikawa vya kiume na vya kike, na ni hivyo pekee viwezavyo kuendeleza maisha yao ndani ya mbu hadi kumfikia mtu mwingine. Mwaka wa 2014 ilibainika kwamba jeni moja, AP2-G, ndiyo inayoamrisha mgeuko huo. Ikizimwa, hapatokei dume wala jike. Kwa kuwa vimelea hivyo ni vichache, wastani ulivificha. Vilipoanza kusomwa kimoja kimoja, vilionekana. Mnamo 2019 ilichapishwa ramani ya maisha ya vimelea vya malaria, seli kwa seli, tangu katika mbu hadi katika ini na damu.

Jambo hili lanigusa. Mpwa wangu aliugua malaria, akapewa dawa, homa ikatoweka, nasi tukashangilia. Hakuna aliyetueleza kuwa dawa inayoondoa homa yaweza kuacha vimelea vya kiume na vya kike vikimsubiri mbu. Majuma machache baadaye dada yake akalazwa. Sidai kuwa ugonjwa ulitoka kwa nduguye. Nasema tu kwamba tulidhani vita vimekwisha ilhali havijaisha.

Naam, mitambo ya kazi hii ni ghali. Hata hivyo, seli huharibika upesi zitokapo mwilini, kwa hiyo yafaa zishughulikiwe karibu na mgonjwa. Tunao watafiti hodari Kisumu na Kilifi. Hapana budi serikali iwape vifaa, na vyuo vikuu vifunze vijana hesabu na kompyuta za kuchambua jeni. Haiwezekani damu itoke kwetu daima na elimu itoke ng'ambo daima.

Huenda mtoto mwingine wa Kisumu yumo darasani leo, akiwa na kipawa kama cha Surani. Asilazimike kuvuka bahari ndipo aione seli moja.