Mashine ya Kichwani kwa Mzee Anayesahau: Je, Tuuze Ng'ombe?



Pengine mmesikia ati ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer sasa unatibiwa kwa mashine ya kichwani, bila kupasuliwa. Kabla familia haijauza ng'ombe, tuelewane kwanza.

Ni mashine gani?
Tutaje aina mbili. Ya kwanza ni ya sumaku, iliyoonyeshwa na Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1985. Ya pili hupitisha umeme mdogo sana, miliampia 1 au 2, kwa dakika 20 hivi.

Usalama hupimwaje?
Wagonjwa hugawanywa kwa kura. Wengine hupata mashine yenyewe, wengine ya kuigiza tu, na hawaambiwi ni ipi. Madhara ya pande zote huandikwa na kulinganishwa, maana hata aliyewekewa mashine bure anaweza kuumwa kichwa, au kujiona amepata nafuu.

Madhara mengi yaliyoonekana ni madogo: kuumwa kichwa, ngozi kuwasha au kuwa nyekundu. Mara chache sana, sumaku imeleta kifafa. Kwa hiyo mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha moyo lazima aseme mapema.

Lakini kuwa salama si kuponya. Tafiti nyingi zimekuwa za watu wachache na za muda mfupi. Hakuna mashine iliyothibitishwa kuponya Alzheimer. Msiuze ng'ombe.

Nani akubali?
Mgonjwa anaweza kukubali leo, kesho asikumbuke. Basi aelezwe pamoja na jamaa yake, na akikataa siku yoyote, aachwe. Hapa Kenya utafiti wa namna hiyo unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Mtu akija kijijini na mashine, ombeni kuona karatasi hizo.

Hatari iliyo karibu zaidi
Kwetu Gusii, mzee anayepotea usiku au kuongea peke yake huweza kuitwa omorogi. Mei 2008 watu 11 waliuawa hapa kwetu kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa Marani. Hatusemi wote walikuwa wagonjwa. Tunasema kusahau na kutangatanga ni dalili za ugonjwa, si ushahidi wa uchawi. Na hata mtu akiwa mzima, hakuna mwenye ruhusa ya kumwua.

Tufanye nini?
1. Mpelekeni mzee hospitali. Kusahau kwingine huletwa na dawa, huzuni nyingi au upungufu wa vitamini, na hutibika.
2. Gawaneni zamu za kumwangalia, ili binti mmoja asichoke peke yake.
3. Mkisikia mzee anatajwa vibaya, mwambieni chifu siku hiyo hiyo. Msingoje usiku.

Ya kujadili kikundini:
Ni mzee gani kijijini kwetu anayeogopwa? Nani alimtembelea juma hili?