Malipo ya Dume na Haki ya Mwenye Jike

Wako wafugaji visiwani mwetu ambao hulipa ada yote ya kupandishiwa ng'ombe siku ile ile, na mimba isiposhika hasara huwa yao peke yao. Mtindo huo hatuuoni kuwa wa haki, na hivyo tunapenda kuwakumbusha wahusika jinsi wengine walivyolitengeneza jambo hili.

Tuwatazame kwanza wenye farasi wa mbio. Sheria zao hazikubali farasi aliyezaliwa kwa uhamilishaji. Sharti dume na jike wakutane. Kwa sababu hiyo ada ya dume mashuhuri hupanda mno. Katika miaka ya 1980 ada ya Northern Dancer, huko Maryland, Marekani, ilifika dola 1,000,000 kwa jike mmoja, pasipo dhamana yoyote. Mwaka 2024 ada ya Frankel, karibu na Newmarket, Uingereza, ilikuwa pauni 350,000. Walakini wengi wa matajiri hao hawatoi fedha kwa kubahatisha. Uingereza na Ireland ni desturi ada kudaiwa tarehe 1 Oktoba, msimu wa kupandisha ukiwa umekwisha, iwapo jike ana mimba. Kentucky mikataba mingi hungoja mtoto azaliwe, asimame na kunyonya, yapata miezi 11 baadaye. Hivyo mwenye dume naye huibeba hasara.

Dini yetu ililitazama suala hili karne nyingi kabla yao. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, ambayo imo katika Bukhari, Mtume (S.A.W.) alikataza malipo ya dume. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wameeleza kwamba mwenye dume hana uwezo wa kukikabidhi kile kinacholipiwa. Imam Malik aliruhusu dume akodishwe kwa muda au kwa idadi ya kupanda inayojulikana. Ama zawadi ya hiari, wengi wao hawakuizuia. Na jirani mwenye fahali mzuri anastahili kufikiriwa.

Uhamilishaji ni jambo jingine, kwani humo hulipwa kazi na vifaa. Mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtaalamu lazima asafiri. Hatusemi afanye kazi bure. Lakini joto la ng'ombe kwa kawaida halimalizi hata siku moja. Mtaalamu akifika limekwisha, mfugaji hungoja siku 21 nyingine huku akimlisha ng'ombe asiye na maziwa, na ada amekwisha kuitoa. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, hilo si jambo dogo.

Tunaiomba idara inayoshughulikia mifugo, Unguja na Pemba, iigawe ada hiyo: gharama za safari na vifaa zilipwe siku ya kupandisha, na kilichobaki kilipwe mimba ikishathibitishwa kwa kupimwa, baada ya miezi 3 hivi. Aliyechelewesha huduma arudie kazi bila malipo mapya. Na ili pasiwe na ubishi, stakabadhi ioneshe saa aliyoitwa mtaalamu na saa aliyofika.