Vijana Wetu na Migodi ya Bara
Na Katibu wa Chama



Kila msimu wa karafuu ukisha na fedha zikapokewa, hufika ofisini wazee wawili watatu wenye swali moja: mtoto amemaliza skuli, kazi hapa ni haba, na rafiki zake wanamwambia Shinyanga na Geita kuna migodi. Je, wampe nauli aende? Wengine huuliza na la pili: yafaa kuweka rehani mikarafuu ili ipatikane fedha ya "kumpa mtu" atakayemwingiza kazini? Swali la kwanza lina majibu marefu. La pili jibu lake ni moja, nalo ni hapana. Sababu zake mtaziona mbele.

MIGODI YENYEWE

Mkoa wa Shinyanga una almasi na dhahabu pia. Almasi iko Mwadui, wilaya ya Kishapu, ilikogunduliwa mwaka 1940 na Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Dhahabu iko upande wa Kahama, uliko mgodi wa Bulyanhulu na ulikokuwako wa Buzwagi. Mkoa wa Geita, uliotengwa mwaka 2012, una mgodi mkubwa ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini dhahabu ya Geita si ya jana, maana palikuwako mgodi tangu miaka ya 1930, nao ukafungwa mwaka 1966. Kando ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wengi, kama wale wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa.

UCHUMI UKIWA MGUMU

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa maana ya bei kuanguka. Sote tumesikia kwa wazee wetu yaliyotupata miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe. Migodi nayo ina misimu yake, ila misimu hiyo haifanani.

Almasi ni pambo, na watu wakibanwa na maisha huacha kwanza kununua mapambo. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga masoko, Mwadui ilisimamisha uzalishaji mwezi wa Aprili, na haikurudi kazini mpaka mwaka 2021. Dhahabu ni akiba. Watu wakiingiwa na hofu huikimbilia. Mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Agosti, bei yake ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Basi yawezekana Mwadui wanalia na Geita wanacheka katika mwezi mmoja. Kijana asiseme "migodi imelala" wala "migodi imechangamka" kabla hajauliza ni mgodi wa nini.

Wala msidhani kuwa dhahabu haina majonzi. Mwaka 2013 bei yake ilianguka sana, na kampuni nyingi duniani zikapunguza watu. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, Bulyanhulu ilipunguza shughuli, na watu zaidi ya elfu moja wakapoteza kazi. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea baada ya kampuni ya Barrick kuishika migodi hiyo mwaka 2019 na kuungana na Serikali katika kampuni ya Twiga. Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulimaliza uzalishaji mwaka 2021, na hapo hapakuwa na ugomvi wala bei mbaya: mawe yaliyostahili kuchimbwa yalikuwa yamekwisha. Mkarafuu ukitunzwa huweza kumlisha mjukuu wa aliyeupanda. Mgodi haurithiwi namna hiyo, na anayeingia humo aingie akilijua hilo.

KAZI HUPATIKANAJE

Kijana mwenye cheti cha skuli peke yake asitumaini sana. Kazi zisizotaka ufundi aghalabu hupewa wenyeji wa vijiji vinavyouzunguka mgodi, na hilo ni haki yao, maana ardhi ilikuwa yao. Mgeni huingia kwa ufundi: umeme, mitambo ya dizeli, uchomeaji, uendeshaji wa magari makubwa, upimaji, maabara. Tangu mwaka 2009 chuo cha VETA Moshi kimekuwa na mafunzo ya ufundi yaliyobuniwa kwa ajili ya migodi, kwa ushirikiano wa kampuni zenyewe. Na hapa kwetu, kijana wa Pemba anaweza kuanza katika Chuo cha Amali Vitongoji. Ada ya ufundi ni fedha iliyopandwa. Nauli ya kwenda kubahatisha ni fedha iliyomwagwa.

Mzanzibari hahitaji kibali kufanya kazi Bara, na kanuni za mwaka 2018 juu ya ushiriki wa Watanzania katika madini zinataka mwananchi atangulizwe mbele ya mgeni wa nje. Pia ajue kuwa kazi nyingi haziko kwa mwenye mgodi, bali kwa makandarasi wake: wapishi, walinzi, wachorongaji, wasafirishaji. Mikataba ya huko mara nyingi ni mifupi. Aisome kabla ya kutia sahihi.

Sasa tuje kwa yule "mtu wa kupewa". Kampuni kubwa hutangaza wazi kuwa hazitozi fedha kwa anayeomba kazi. Basi anayedai laki tatu ili akuingize, kazi hana, ana mfuko wa kutia fedha zako. Mwanachama aliyeweka rehani mikarafuu yake kwa ajili ya mtu huyo atakosa kazi ya mtoto na mavuno ya shamba kwa pamoja.

KUPANDA CHEO

Aliyekwisha kuingia asibaki pale alipoingilia. Kwanza, ajifunze Kiingereza cha kazi, maana maandishi mengi ya mitambo na usalama yako katika lugha hiyo. Pili, atafute vyeti vinavyotakiwa kwa sheria. Kulipua baruti, kwa mfano, hakufanywi bila cheti cha ulipuaji. Tatu, awe na ufundi wa pili. Geita ilianza kwa mashimo ya wazi, na miaka ya karibuni imeingia pia chini ya ardhi; aliyejua kazi ya juu tu alilazimika kujifunza upya au kupisha wengine. Nne, achunge sifa yake katika mambo ya usalama. Mgodini, mzembe mmoja huua kumi.

AKIPUNGUZWA KAZINI

Haya yaandikwe na yawekwe kwenye sanduku pamoja na mkataba. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, mwajiri anayetaka kupunguza watu sharti atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao au na chama chao cha wafanyakazi. Aliyetimiza mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Apewe pia cheti cha utumishi, ambacho ndicho ufunguo wa mgodi wa pili. Akiona ameachishwa kwa dhuluma, apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa.

WACHIMBAJI WADOGO

Wengine, mgodi mkubwa ukiwakataa, huingia kwenye maduara. Huko aghalabu hakuna mshahara. Watu hugawana viroba vya mawe, na mawe yasipokuwa na kitu, mgawo hauna kitu. Hatari nayo ni kubwa. Mwaka 2015 huko Nyangarata, Kahama, wachimbaji sita walifukiwa, na watano wakaopolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Wa sita alikuwa amekwisha kufariki. Anayekwenda, na aende kwenye eneo lenye leseni, matimba imara na msimamizi, na dhahabu yake aiuze kwenye soko la madini. La Geita lilifunguliwa mwaka 2019.

SHAURI LANGU

Mtoto asiye na ufundi asomeshwe kwanza. Mwenye ufundi apewe nauli na chakula cha miezi mitatu, vitokane na mauzo ya msimu, na mikarafuu iachwe shambani palepale. Akipata kazi, sehemu ya mshahara wa mwanzo irudi nyumbani kupalilia na kupanda miche, ili siku mgodi ukifungwa awe na pa kurudi.

Wanachama wenye vijana huko tayari, tafadhali leteni ofisini habari zao: wako mgodi gani, wanafanya kazi gani, na waliipataje. Tutaziweka katika daftari, ili kijana anayeondoka msimu ujao apate wa kumuuliza kabla ya kupanda boti.

Wassalaam,
Katibu