Utangulizi: Mnyanyua Vyuma wa Nauru

Historia ya michezo ya nchi ndogo ni taaluma inayokuketisha zaidi mbele ya majedwali ya matokeo kuliko jukwaani. Nitaanza na Marcus Stephen wa Nauru, kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 na watu wapatao 12,000. Ndani ya Unguja kingeingia zaidi ya mara 70.

Mwaka 1990, huko Auckland, Stephen alitwaa dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Sasa fungua jedwali la Olimpiki ya Barcelona, 1992: jina lake lipo, ila nchi iliyoandikwa ni Samoa. Mwanafunzi mgeni humlaumu mpiga chapa. Kumbe Nauru haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, ikambidi achukue uraia wa Samoa ili ashindane. Kamati ya Nauru ilitambuliwa mwaka 1994, na Atlanta 1996 akaingia uwanjani na bendera ya kwao mkononi. Mstari ule mmoja wa Barcelona, kwangu mimi, unafundisha kuliko medali zake zote.

Nazo medali zataka jicho kali. Enzi zile Jumuiya ya Madola ilitoa dhahabu tatu kwa kila kundi la uzito: ya kunyanyua kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, ya kunyanyua kwa hatua mbili kupitia mabegani, na ya jumla. Ndiyo maana alirudi na tatu kutoka Victoria 1994, na tatu tena kutoka Kuala Lumpur 1998. Olimpiki hutoa moja tu, ya jumla. Sydney 2000 alishika nafasi ya 11.

Kwa nini vyuma? Fimbo ya wanaume ni kilo 20 popote duniani, kwa hiyo anayejifua kisiwani anajua hasa amebakiza kilo ngapi kuwafikia walio bora. Tusimfanye mpweke, hata hivyo: alisoma Australia, akanolewa na kocha Paul Coffa.

Wengi watataka kurukia 2007, alipokuwa rais wa Nauru, hadi 2011. Subirini. Kwanza tazameni safu ya kundi la uzito katika majedwali ya matokeo yake: kilo 60, kisha 59, kisha 62. Msiharakishe kusema alikonda kisha akanenepa. Shirikisho la kimataifa lilipanga upya makundi hayo mwaka 1993, likayapanga tena 1998.