Bastola ndogo ya kujilinda: Pima safari kabla ya kuchagua silaha

Mfanyabiashara anayebeba fedha taslimu kwenda masoko ya mpakani hufika siku akajiuliza kama anunue bastola. Maswali yanayofuata huwa yale yale: ndogo kiasi gani, inabeba risasi ngapi, inafichika wapi. Ni maswali ya msingi. Lakini kwa anayevuka mpaka lipo moja linalotangulia, na kuliruka kunaweza kumgharimu mzigo, gari na hata uhuru wake.

Kibali hakivuki mpaka

Kila nchi ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya silaha. Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya inatumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970. Hakuna kibali kimoja cha Jumuiya nzima. Aliyepewa kibali Arusha ni mmiliki halali mpaka Namanga. Akiingia Kenya na bastola hiyo bila idhini ya huko, anahesabiwa kuwa na silaha kinyume cha sheria.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti ya kuingizwa. Mwaka huo huo nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo, ambayo inazitaka ziweke alama na kumbukumbu za kila silaha.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, Holili/Taveta, Busia na Malaba, vimeongeza uzito wa jambo hili. Hapo msafiri hapiti tena ofisi za nchi anayotoka. Huenda moja kwa moja kwenye jengo la nchi anayoingia, ambako maofisa wa pande zote mbili hukaa. Kwa hiyo bastola iliyosahaulika chini ya kiti huonekana mwenyewe akiwa tayari ng'ambo.

Kibali ni cha mtu, si cha gari

Kosa jingine ni tajiri kumwachia dereva au utingo silaha yake ili walinde mzigo. Kibali hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa, na jina lake ndilo lililoandikwa. Tanzania humtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, na Kenya hutoa vibali kupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya. Gari likisimamishwa, dereva aliyekutwa na bastola ya tajiri yake yuko matatani, na tajiri naye ana la kujibu.

Ukubwa na matumizi

Kwa safari za ndani ya nchi na mwenye kibali, uchaguzi mara nyingi huangukia bastola za milimita 9. Risasi zake zimeenea duniani kote, hivyo ni rahisi zaidi kuzipata kwa muuzaji mwenye leseni.

Udogo una faida na hasara. Mfano mzuri ni Glock za Austria. Modeli 19 ina mtutu wa milimita 102 na kwa kawaida hubeba risasi 15. Modeli 26 ina mtutu wa milimita 87 na hubeba 10. Hiyo ndogo hufichika vizuri chini ya shati, lakini mpini wake ni mfupi, humpiga mtu teke zaidi mkononi na ni vigumu zaidi kulenga nayo. Asiyepata nafasi ya kufanya mazoezi mara kwa mara hafai kuanza na ndogo kuliko zote.

Glock hizo kwa kawaida hazina kitufe cha pembeni cha kufungia usalama; vizuizi vyake viko ndani na kwenye kifyatulio. Kwa sababu hiyo mkoba wa bastola lazima uwe mgumu na ufunike kifyatulio chote. Kuitia mfukoni pamoja na funguo ni kutafuta ajali. Dereva naye akumbuke kwamba mkoba wa kiunoni hubanwa na mkanda wa gari. Wengi hupata usumbufu huo wakaishia kuiweka bastola kwenye dashibodi, na gari likivunjwa silaha huenda na mwizi.

Hesabu ya gharama

Bei ya bastola ni mwanzo tu. Kuna ada za kibali, kasha la chuma la kuhifadhia nyumbani, risasi za mazoezi na mafunzo. Baada ya gharama zote hizo, ulinzi wenyewe unaishia kwenye geti la mpaka.

Majambazi hufuata fedha. Kupunguza noti mfukoni hulinda pande zote mbili za mpaka. Tangu mwaka 2015 M-Pesa imeunganisha Kenya na Tanzania, na benki hulipana kupitia Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2013. Anayelazimika kubeba taslimu zenye thamani ya dola 10,000 za Marekani au zaidi anatakiwa kuzitolea taarifa forodhani, Kenya na Tanzania pia.

Anayeamua kumiliki bastola aulize mapema, kwenye kituo cha polisi kinachoshughulikia kibali chake, utaratibu wa kuiacha kabla ya kuvuka. Siku ya safari, gari likaguliwe lote kabla ya kufika mpakani: chini ya kiti, kwenye dashibodi na ndani ya mabegi. Hata risasi moja iliyobaki inatosha kumzuia mtu.