TOPE LA MAJI MACHAFU: TUPIME UZITO WENYEWE



Wanaopakia tope la maji machafu huambiwa mara nyingi, "Limeshakamuliwa, ni jepesi." Tusidanganywe na macho. Tope lililotoka kwenye mashine ya kukamulia hushikika kwa koleo kama udongo, lakini kwa kawaida katika kila kilo 100 maji bado ni kilo 75 hadi 80. Mita moja ya ujazo ikijaa sawasawa huwa tani moja au kuzidi kidogo. Likiwa mabonge yenye mianya, uzito hupungua. Lililoanikwa juu ya mchanga hubadilika kadiri ya jua na mvua. Kwa hiyo tupime.

Chukueni ndoo ya lita 20, muipime ikiwa tupu. Ijazeni kwa koleo kama mnavyojaza lori, msawazishe juu, mpime tena. Toeni uzito wa ndoo, gawanyeni kwa 20. Tope likiwa kilo 21, kila lita ni kilo 1.05. Pimeni ndoo tatu kutoka sehemu mbalimbali, mpate wastani.

Sasa pimeni mzigo ndani ya lori: urefu mita 4, upana mita 2, kimo mita 1. Hizo ni mita 8 za ujazo, yaani tani 8.4. Ikiwa lori limeruhusiwa kubeba tani 7, limezidishiwa mzigo, na roho za dereva na utingo zimo hatarini. Toroli la lita 60 nalo ni kilo 63 mikononi mwa mtu mmoja.

Andikeni hesabu hiyo, mwakilishi wa chama aipeleke kwa mwajiri. Maneno hubishiwa, mizani haibishiwi.