Rwanda: Nchi Inayoilipa Hospitali kwa Mfuko Mmoja

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338. Mkoa wetu wa Simiyu una zaidi kidogo ya 25,000. Kwa ardhi, basi, msomaji wa Mwamapalala, wilayani Itilima, aifikirie nchi hiyo kama Simiyu nzima, kuanzia Busega hadi Meatu. Tofauti ni watu. Sensa zilizofanyika katika nchi zote mbili Agosti 2022 zilihesabu watu milioni 13.2 kule, na milioni 2.1 hapa Simiyu. Sehemu kubwa ya nchi hiyo haina mbuga pana ya kuchungia ng'ombe: ni vilima vilivyolimwa hadi kileleni, migomba, maharage, kahawa, na chai mabondeni, na mashamba ya kaya nyingi hayafiki hata hekta moja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu 2017, ingawa vijijini mazungumzo ni ya Kinyarwanda. Mkulima wa huko, kama mkulima wa pamba wa Itilima, hushika fedha kwa msimu, na ugonjwa haungoji msimu. Hata hivyo Mnyarwanda wa kijijini akiugua, mara nyingi huingia kituo cha afya bila kuuza mbuzi kwanza. Nataka kueleza kwa nini, maana sababu inayotajwa kwa kawaida, kwamba bima yao ni rahisi, haitoshi.

Wenyewe huiita bima hiyo mituweli, neno walilolichukua kwenye Kifaransa. Mwaka 1996 serikali ilirudisha ada katika vituo vya afya, na watu waliokuwa wametoka kwenye mauaji ya kimbari miaka miwili tu nyuma wakapunguza kwenda kutibiwa. Mwaka 1999 yakaanza majaribio katika wilaya tatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare, kwa mifuko midogo 54. Mwaka wa kwanza waliojiunga walikuwa kama asilimia 8 tu ya wakazi. Sisi tulikuwa tumeshaanza: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Wao mwishoni mwa 2007 wakatunga sheria ya kuifanya bima kuwa ya lazima kwa kila mkazi, na kufikia 2010 watu tisa kati ya kumi walikuwa na kadi. Mwaka 2011 michango ikapangwa kwa hali ya kaya: faranga 2,000 kwa mtu kwa mwaka kwa maskini kabisa, ambao hulipiwa, 3,000 kwa walio wengi, na 7,000 kwa wenye uwezo. Viwango hivyo vilidumu zaidi ya miaka kumi. Kaya ya watu sita katika daraja la kati ilitakiwa kutoa faranga 18,000, ambazo kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka ya karibuni haziko mbali na shilingi 30,000 za CHF yetu iliyoboreshwa, iliyobeba watu sita vilevile. Bei zilikuwa karibu sawa. Kwa nini basi kadi ilienea kule na kwetu ikasuasua?

Jibu langu liko kwenye safari ya bili. Mgonjwa huanzia kituo cha afya cha karibu, anatoa faranga 200, anatibiwa. Akizidiwa hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo, ikibidi, hospitali kubwa kama ile ya chuo kikuu iliyoko Kigali au ya Butare. Hospitalini yeye hulipa asilimia 10 ya gharama, na 90 zinadaiwa kwa mfuko. Asiye na barua, isipokuwa wa dharura, hubeba gharama mwenyewe. Kituo hukusanya madai yake na kuyapeleka kwa mfuko, na wahakiki huyapitia: dawa iliyoandikwa ilingane na ugonjwa uliopimwa, bei ilingane na orodha iliyokubaliwa. Kisichothibitika hukatwa. Wafanyakazi wa serikali wana mpango wao tangu 2001, wanaochangia asilimia 15 ya mshahara nusu kwa nusu na mwajiri; wanajeshi wana wao; kampuni binafsi zina wateja wao, hasa Kigali. Lakini mlipaji mkuu wa kituo cha kijijini ni mituweli, na mganga anajua hilo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi kila wilaya ilishika mfuko wake. Fedha ilikusanywa, kadi ziligawiwa, lakini bili za hospitali kubwa zilipofika hazikulipwa kwa wakati, na madeni yakarundikana. Tarehe 1 Julai 2015 mituweli ikakabidhiwa kwa RSSB, Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Hapo ndipo ninapoona funzo kubwa kuliko lile la kuenea kwa kadi kufikia 2010. Wanachama walikuwepo kwa mamilioni. Kilichokosekana ni mlipaji mmoja mwenye kifua cha kubeba bili ya upasuaji wa mtu wa wilaya ya Nyamasheke kwa mchango wa mtu mwenye afya wa wilaya ya Kayonza.

Wapo watakaosema Rwanda ni ndogo na watu wake wamebanana, hivyo kukusanya mchango ni rahisi. Ni ndogo, ndiyo, lakini ni ukubwa wa mkoa wetu, na mchango siku hizi hulipwa kwa simu. Vikundi vya kuweka akiba, viitwavyo ibimina, husaidia kaya kuuandaa kidogo kidogo, kama vikoba vyetu. Wengine watasema watu walilazimishwa. Hoja hii naipa uzito: sheria ikimkuta mtu hana kitu huwa mzigo, na ndiyo maana daraja la maskini lazima lilipiwe kweli, siyo kwa maneno. Wa tatu watasema ni fedha za wafadhili. Zilisaidia sana, lakini tangu 2020 wenye mishahara nao hukatwa asilimia 0.5 kwa ajili ya mituweli.

Pingamizi ambalo silipuuzi ni moja: mlipaji mmoja akikosea, wote wanaumia. Orodha ya bei ya Rwanda ilikaa tangu 2017 bila kurekebishwa hadi ile mpya iliyopitishwa Januari 2025, huku dawa zikipanda, na kituo kinacholipwa chini ya gharama hatimaye humwambia mgonjwa akanunue dawa nje. Kwetu tuliona sura nyingine ya tatizo hilohilo Machi 2024, pale baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha kwa muda huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) zikibishania bei za kitita kipya. Bei isiyojadiliwa mapema huja kujadiliwa mlangoni, mgonjwa akiwa amelala kwenye machela.

Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya mwaka 2023, lakini sheria pekee hailipi bili. Kabla hatujaambiwa tena tulipe kadi wakati wa kuuza pamba, tuwaombe viongozi wa Itilima jambo moja: kwenye ukuta wa kila zahanati na kituo cha afya, Mwamapalala ikiwemo, pabandikwe kila robo mwaka karatasi ya mistari mitatu: kituo kimedai kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, na kimelipwa lini.